Rehani wa Mizani na Mawe ya Lukuyu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1913, Bwana Rehani bin Mwinjuma anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka ishirini na miwili. Alianzia Bagamoyo, akaendelea hapa Morogoro, na muda wote huo kazi yake imekuwa moja tu: kupima. Mimi Stambuli, mtunza tanuri wa Nyumba ya Mizani, nimeombwa na wenzangu niandike habari zake ili zisomwe siku ya kuagana. Nimekubali kwa furaha, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asipewe kuzikagua kabla, maana angezipima neno kwa neno na sherehe ingetupita.

Mwaka 1891 aliajiriwa katika ghala la kampuni pale Bagamoyo, akipima pembe za ndovu, sandarusi na mpira uliotoka bara. Siku zile baadhi ya wachuuzi walikuwa na mtindo wa kuficha kokoto ndani ya madonge ya mpira ili yawe mazito. Rehani alikuwa akilishika donge, akilitikisa kidogo karibu na sikio, kisha akilirudisha kwa mwenyewe na kumwambia kwa adabu, "Ndugu yangu, sisi hapa tunanunua mpira. Kokoto tunazo uani." Wengine walikasirika, wengine walicheka, lakini safari ya pili wote walileta mpira safi.

Niseme wazi jambo moja ambalo kila aliyefanya naye kazi analijua. Bwana Rehani si mtu wa kujishusha. Anajua kwamba anajua, wala hapendi kukuficha. Kanzu yake ni nyeupe siku zote, hata siku tunazosaga mkaa, na ndevu zake zimenyolewa kwa mstari. Mtu akiegemea meza yenye mizani husikia sauti yake kutoka chumba cha pili: "Meza hiyo si ukuta!" Mimi nimeisikia sauti hiyo hata ndotoni.

Reli ilipofika Morogoro, kampuni nayo ilipanda bara na kufungua machimbo ya ulanga, lile jiwe ling'aalo na kubanduka kama karatasi, katika milima ya Uluguru. Mizani kubwa zilipakiwa kwenye behewa la mizigo. Ile ndogo ya shaba, inayohisi hata uzito wa unyoya, Rehani alikataa katakata isipakiwe. Aliipakata mapajani toka Dar es Salaam hadi hapa, imefunikwa shuka. Mkagua tiketi alipomwuliza anabeba nini, akajibu, "Mtoto. Tafadhali usimwamshe."

Hapa Morogoro ndipo alipomwoa Mwanaasha, binti wa Lukuyu, kijiji kilichoko juu mlimani. Yeye mtu wa pwani ilimbidi ajifunze mila za Waluguru: huko ardhi na maji ni mali ya ukoo wa mama, na mwanamume anayeoa hujenga kwao mke, akilima anapoonyeshwa; yeye, kwa sababu ya kazi, alikaa mjini na mkewe, nao wakipanda Lukuyu siku za Jumapili. Anayeonyesha, kwa upande wa Lukuyu, ni Bi Chausiku, mama yake Mwanaasha, mkubwa wa ukoo. Rehani alitupa habari hizo akicheka: "Nimepima pembe za ndovu wa kila aina, lakini huyu mama mkwe wangu bado sijapata mizani yake."

Mwaka 1909 alikuja kwetu Dokta Hallbach, mkemia, na hapo ndipo kazi iliyompatia Rehani sifa ilipoanza. Katika nyufa za miamba huonekana wakati mwingine vijiwe vyeupe vyenye pande laini zilizonyooka kana kwamba vimechongwa na fundi, vikubwa vyake kama punje ya hindi. Wadachi, watu wa Dokta, huviita zeoliti. Sisi tuliviita mawe ya povu, kwa sababu ukikitia kimoja katika moto mkali kinachemka na kufura kama maziwa. Lakini ukikipasha polepole, kwa moto wa kiasi, maji yaliyojificha ndani yake hutoka na jiwe hubaki na umbo lake, kavu kabisa, likiwa na vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho lolote. Jiwe hilo sasa lina kiu. Liweke penye mvuke, nalo litaunywa.

Dokta alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, jiwe likinywa mvuke wa benzini, yale mafuta mepesi yanayotangulia kutoka petroli inapopashwa, hunywa kiasi gani mpaka lishibe? La pili, hunywa kwa mwendo gani? Kazi yangu ilikuwa kukausha jiwe tanurini. Kazi ya Rehani ilikuwa kulining'iniza kwenye mkono wa mizani ndani ya mtungi wa kioo, kuufungulia mvuke, na kuitazama sindano ikisogea. Mwanzo husogea upesi, kisha taratibu, kisha inatulia. Jiwe dogo hushiba mapema na jiwe kubwa huchelewa, kwa kuwa mvuke una safari ndefu kufika katikati. Mafuta mepesi huingia. Tapentaini, ambayo ni nzito, hubaki nje kama mgeni aliyekuta mlango mdogo kuliko mwili wake. Rehani aliweza kuitazama sindano ile tangu asubuhi hadi alasiri bila kupiga chafya, na akihisi chafya inakuja alitoka nje mbio akiwa ameshika pua kwa mikono miwili.

Bwana Rahemtulla, mwenye duka tunakonunua petroli, alishangaa tulivyomaliza madebe. Siku moja alimvuta Rehani pembeni akamwuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Bwana Rehani, niambie kama rafiki. Mnaifanyia nini? Mnakunywa?"

"Hatunywi sisi," Rehani akamjibu. "Yanakunywa mawe."

Rahemtulla alimtazama kwa huruma, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila tulipokwenda dukani alikuwa akituuliza kama tumelala vizuri.

Masika ya kwanza yalituvunja moyo. Anayejua masika ya Morogoro anajua kwamba hata chumvi mezani hugeuka uji. Mawe yetu makavu yalikuwa yakinywa maji ya hewani kabla ya kuonja benzini, na hesabu zote zikawa za mvua. Dokta alileta shauri la kuweka chokaa kavu ndani ya mtungi ili inyonye unyevu. Rehani akaleta shauri la kuziba kifuniko kwa nta ya nyuki. Mimi nilileta malalamiko, maana kuni zote zilikuwa mbichi. Tulifaulu hata hivyo, na tangu hapo mvua haikutusumbua tena.

Sasa nifike kwenye habari ya Lukuyu, ambayo wengi mmeisikia vipande vipande. Bwana Reuscher, msimamizi wa machimbo, hupenda kuisimulia yeye mwenyewe akiwa na wageni, kwa hiyo sioni sababu ya kuificha.

Mwaka 1911 wachimbaji walileta konzi ya mawe ya povu kutoka mwamba ulioko juu ya Lukuyu. Yalikuwa mazuri kupita yote tuliyowahi kuyaona, angavu, na pande zake hazikuwa na dosari. Tabu ilikuwa kwamba katika mwamba ule ule ndimo inamotoka chemchemi ya kijiji, kwa midomo mitatu. Maji yake ndiyo yanayonyweshwa watoto, na ndiyo yanayoteremka kwa mifereji kumwagilia magimbi, maharage na migomba ya ukoo mzima wa Bi Chausiku. Bwana Reuscher alisema yapimwe. Yakionekana bora, mwamba utavunjwa kwa baruti.

Jumapili ile nilipanda Lukuyu pamoja na Rehani. Kwa heshima ya ukwe, Bi Chausiku hakai uso kwa uso na mume wa bintiye. Alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa, na Rehani alikaa barazani akiangalia bondeni. Mimi nilikaa uani karibu na Mwanaasha, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mkwe," alisema Bi Chausiku, "nasikia jiwe la kwetu liko mikononi mwako."

"Liko, mama."

"Waambie ni jiwe bovu."

"Mama, siwezi."

"Nani atajua?"

"Dokta akilirudia mwenyewe atajua. Hata asipojua, mimi nitajua."

"Huyo Dokta hanywi maji ya Lukuyu. Mkeo anayanywa."

"Niombe kitu kingine chochote, mama, nami nitakifanya leo hii. Lakini nikisema uongo juu ya jiwe hili, nitakuwa sina tena neno la kumwambia mtu akaliamini. Hata wewe hutaniamini."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya chini, bila hasira, na kwa hiyo ikawa nzito zaidi. "Sawa. Umenijibu. Mwanaasha, mkeka wako uko ndani. Leo huteremki."

Mwanaasha alimtazama mumewe. "Nilidhani utasema utafikiria," akamwambia. "Hata kama ungekuja kukataa baadaye." Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Tuliteremka wawili. Njia nzima Rehani hakunisahihisha jambo hata moja, na mimi nilikosea makusudi mara kadhaa ili nimsikie.

Alilipima jiwe la Lukuyu kama anavyopima jiwe lolote. Lilikuwa bora kuliko yote. Mwendo wake ulikuwa ule ule kila tuliporudia, sawasawa, bila kuruka. Alimpa Dokta majibu kwa sauti ya kawaida, kisha akatoka nje akasimama juani, mikono nyuma, akiutazama mlima. Dokta alifurahi mno. Alipeleka habari kwa chuo kimoja huko Ujerumani, na jibu likaja kwamba wanataka sanduku zima la mawe kama hayo, makubwa na kamili, ili nao wapime mwendo wa mvuke ndani yake. Bwana Reuscher akapandisha baruti Lukuyu.

Baada ya milipuko ya kwanza mdomo mmoja wa chemchemi ulikauka. Miwili iliyobaki ilitoa maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kesho yake wachimbaji walipofika walikuta wanawake wa Lukuyu wameketi juu ya mwamba, Bi Chausiku mbele na Mwanaasha, ambaye tangu Jumapili ile hakuwa ameteremka, kando yake. Hawakupiga kelele. Walikuwa wamepandisha vinu vyao pale na walikuwa wakitwanga mahindi. Walipoambiwa waondoke, Bi Chausiku alisema, "Tutaondoka mahindi yakiisha," na nyuma yake wengine walikuwa wakipandisha vikapu vingine.

Bwana Reuscher aliteremka amekasirika. Akasema wasipoondoka ataomba askari kutoka Boma. Haikuwa miaka mingi tangu vita vya kusini, askari walipochoma vijiji na mashamba, na moshi wake ulifika hata upande wetu. Hapakuwa na mtu mlimani aliyelisikia neno askari moyo wake ukatulia. Rehani alilisikia akiwa mezani. Sindano ilikuwa inasogea, naye hakuinua uso, lakini niliona shingo yake imeloa jasho.

Na ni sindano hiyo iliyokuwa ikifanya kioja. Mawe yaliyotoka kwenye mlipuko yalikuwa ya mwamba ule ule, ukubwa ule ule, rangi ile ile. Yalikunywa kiasi kile kile mpaka kushiba. Lakini yalishiba upesi mno, kama watu waliofunga siku nzima. Rehani alirudia. Akabadilisha jiwe akarudia tena. Halafu akaniita.

"Stambuli, kaa hapa uniangalizie. Mimi leo siyaamini macho yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka sana iwe hivi ninavyoona."

Nilikaa. Niliona kile kile alichoona. Ndipo akaenda kumwita Dokta.

Dokta alipima mwenyewe, kisha akayatazama mawe kwa kioo cha kukuzia. Katika baadhi aliona mistari myembamba kuliko unywele. Katika mengine hakuona kitu. "Baruti imeyapasua ndani," alisema. "Mvuke hausafiri tena kupitia jiwe. Unakimbia kwenye nyufa."

Bwana Reuscher alipoitwa hakuvutiwa. "Yanashiba kiasi kile kile. Jiwe ni jiwe."

"Chuo hakiulizi shibe," Dokta akamjibu. "Kinauliza mwendo. Nikiwapelekea haya, watapima nyufa zetu na kuziita tabia ya jiwe. Watachapisha uongo, na uongo huo utatoka Morogoro."

Bwana Reuscher akamgeukia Rehani. "Na nani aliyegundua habari hii? Wewe. Mke wa nani amekaa juu ya mwamba wangu? Wako. Unaniona mjinga?"

Mimi nilimtazama Dokta nikitegemea atamtetea rafiki yake wa miaka miwili ya kazi, na Dokta akawa anafuta kioo chake kwa leso, polepole, kupita ilivyohitajika. Naye alikuwa na shaka. Kidogo tu, lakini Rehani aliiona. Baadaye aliniambia kwamba maneno ya Reuscher hayakumuuma. Kilichomuuma ni ile leso.

Rehani alinyoosha kanzu yake. "Bwana mkubwa, usiniamini," alisema. "Nami ningekuwa wewe nisingeniamini. Tunayo mawe ya mwanzo yaliyotolewa kwa tindo, na haya ya baruti. Yachague wewe mwenyewe, yanayofanana. Yatie katika vibakuli, na chini ya kila kibakuli weka alama uijuayo peke yako, uifunike kwa nta. Nitayapima, kisha nitayagawa mafungu mawili mbele yako. Nikikosea, nenda Boma, na mimi nitakubebea mzigo njiani."

Bwana Reuscher ni mwindaji, na mwindaji hupenda shindano. Akacheka kidogo. "Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo baruti ipumzike na askari wapumzike."

"Juma moja," alisema Bwana Reuscher.

Alifanya kazi yake kwa ukali. Alijifungia peke yake chumbani, na alipotoka vibakuli vilikuwa mezani, nta chini ya kila kimoja imepigwa muhuri wa pete yake. Kila asubuhi alikuja akavikagua, kisha akaketi kwenye kigoda akivuta kiko nje ya dirisha, maana tulimkataza moto karibu na benzini. Mimi nilikausha mawe. Rehani aliyapima, moja baada ya jingine, bila haraka. Juu mlimani, sauti ya vinu haikukoma. Upepo ukiteremka iliweza kusikika hadi karibu na reli.

Sikuwahi kumwona amekonda kama juma lile. Nilikuwa nikimpikia, na ugali wangu, Mungu anisamehe, uliungua siku mbili mfululizo. Aliula bila neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamwuliza, "Kwa nini usipande ukamwone mkeo, hata dakika chache?"

"Nikipanda sasa," alisema, "Reuscher atasema nimekwenda kupokea maagizo. Na Mwanaasha ataniuliza kama nitashinda, na mimi sijui."

Siku ya mwisho tulikusanyika wote. Rehani aliisogeza mikono ya kanzu yake nyuma, akavipanga vibakuli. Vya kulia, alisema, ni mawe mazima. Vya kushoto yamepasuka. Hakusitasita kwenye kimoja. Bwana Reuscher alivipindua kimoja kimoja na kukwangua nta kwa kisu. Mazima, sawa. Mazima, sawa. Yaliyopasuka, sawa, sawa, sawa. Kisha Bwana Reuscher akapindua kibakuli kimoja cha fungu la kushoto, akakitazama, akakiweka mezani taratibu.

"Hili ni la tindo," alisema. "Umeliweka upande wa baruti."

Rehani alikichukua kibakuli, akalitazama jiwe, akakirudisha pale pale kushoto.

"Limepasuka," alisema.

"Nimekwambia ni la tindo."

"Nimesikia, bwana. Sijui lilitoka wapi. Najua limepasuka. Sindano iliruka nalo toka mwanzo."

Bwana Reuscher alimkazia macho, na Rehani hakuyashusha ya kwake. Kisha yule mzungu akatoa mdomoni kiko chake kisichowashwa akasema jambo ambalo wengi wasingelisema. "Nililigonga kwa nyundo. Pole pole, lisivunjike. Nilitaka kujua kama unapima jiwe au unapima tumaini lako." Akavipindua vilivyobaki haraka haraka, vyote vilikuwa mahali pake. Akachukua kofia. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Baruti iteremshwe. Na mtu awaambie wale wanawake waache kutwanga, nimechoka kusikia."

Dokta alimwendea Rehani akampa mkono. "Nilikuwa na shaka," alimwambia.

"Niliona," akasema Rehani. Wakashikana mikono kwa muda mrefu, na urafiki wao haujayumba tena hadi leo.

Tangu hapo mawe ya Lukuyu yanatolewa kwa tindo tu, upande mkavu wa mwamba, pale wenyeji wanapoonyesha. Kazi ni ya polepole lakini kila sanduku limepokelewa, na chuo kimeomba mengine. Maji ya midomo miwili yamesafika. Ule wa tatu haukurudi. Wanaokaa upande huo wa kijiji sasa wanatembea kufuata maji, na itabaki hivyo.

Mwanaasha aliteremka baada ya siku chache na mkeka wake kichwani. Alimkuta mumewe mlangoni, akamwambia, "Umekonda. Nani alikuwa anakupikia?" Rehani akaninyooshea kidole, na mimi nikaondoka kwa haraka.

Na Bi Chausiku? Rehani alipopanda kumwamkia, alikuta mlango umeegeshwa kama kawaida. Akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akaongeza: "Ungesema ni bovu tangu siku ile, wasingekuja hata na kijiko cha baruti. Ningekuwa na midomo mitatu."

"Ni kweli, mama," akasema Rehani.

"Na ungesema ni bovu, wasingekuamini uliposema yamepasuka."

"Hilo nalo ni kweli."

"Sijui nikusamehe au nikushukuru."

"Hata mimi sijui, mama."

"Basi kula kwanza," akasema, na mkono ukatoka nyuma ya mlango na sahani ya magimbi.

Nimeiandika habari hiyo kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha nyumba yetu. Leo hakuna anayepima jiwe hapa akijua limetoka wapi. Mwingine huliweka katika kibakuli, mwingine hulipima, na majibu hutolewa kabla ya nta kukwanguliwa. Wageni wa Dokta wanaopita wanauliza nani aliyeleta utaratibu huu, nasi tunawaonyesha mtu mwenye kanzu nyeupe, naye hakatai sifa, wala hajifanyi hakusikia. Amewafundisha wapimaji wote tulio nao, na wawili wamekwisha kwenda kufanya kazi katika machimbo mengine wakiwa na sifa njema.

Anastaafu kwa sababu ya macho. Hakusubiri kuambiwa. Asubuhi moja mwaka huu aliinuka mezani, akanikalisha mimi kwenye kiti chake, akasema, "Leo nimeona sindano mbili. Moja ni ya uongo na sijui ipi. Endelea wewe." Hakurudi kwenye kiti kile tena, ingawa Dokta alimsihi. Alibaki na kazi ya kufundisha na kutukemea, ambayo haihitaji macho.

Sasa anakwenda kuishi Lukuyu. Bi Chausiku amekwisha kumwonyesha shamba, na tumeambiwa ni lile la mteremko mkali kuliko yote. Rehani anasema ni heshima. Mwanaasha anasema ni mama yake tu alivyo.

Bwana Rehani, tunakushukuru kwa miaka yako yote, kwa ukali wako uliotufanya watu wa kazi, na kwa mambo mawili uliyosema juu ya mawe ya Lukuyu, kwanza kwamba ni bora na kisha kwamba baruti imeyapasua, ambayo yote yalikuwa kweli. Wenzako wa Nyumba ya Mizani, wachimbaji, Dokta Hallbach na Bwana Rahemtulla, ambaye bado anauliza kama tunalala vizuri, wote wanakuombea mema. Mungu akupe nguvu za kupanda ule mteremko, mvua za wastani, mazao ya kutosha, na uzee wenye raha kando ya Mwanaasha. Shuka mjini ututembelee. Ukija, chai itakuwa tayari, na kiti chako tutakuwekea mbali kidogo na meza.